Wateja wa masaji wanakuja mara moja halafu wanapotea: ni bei, ni jina, ama ni sisi wenyewe?

#1 gumba_la_southb
Wadau, habari zenu. Niko na chumba cha masaji hapa South B, ghorofa ya tatu, kazi nimeisomea na cheti kiko ukutani, vitanda viwili, taulo safi, maji ya moto yapo hata stima ikipotea. Instagram watu wanapenda picha zangu mpaka nashangaa lakini mlangoni ni kimya. Na wale wachache wanaokuja wanaamka wakisema wueh nimelala kama mtoto, wengine wananiachia na tipu, halafu hiyo ndiyo imeisha, huwaoni tena. Nachaji 2,500 kwa saa. Jirani wangu wa chini anauza smoki na mayai na wateja wake anawajua mmoja mmoja mpaka nani hali kachumbari. Sasa nauliza walio kwa biashara, mnafanyaje mtu akuje, na akishakuja arudi? Msiniambie "jitangaze", hiyo nishafanya.

#2 mzee_wa_kibaridi
Ghorofa ya tatu, na mteja ni mtu anaumwa mgongo. Umejijibu.

#3 gumba_la_southb
Mzee, lifti iko. Inafanya kazi siku zingine.

#4 mzee_wa_kibaridi
"Siku zingine" 😂😂 endelea.

#5 shangazi_wa_rongai
Mimi nitasema kile watu wanaogopa kusema. Shida ni jina. Hii Nairobi ukitaja masaji wa kwanza kucheka ni bwanako. Tembea kutoka Ngara mpaka Roysambu uangalie nguzo za stima, karatasi zimebandikwa, masaji ya mwili mzima, faragha, warembo wapo, namba ya simu na basi, hakuna jina la biashara, hakuna jengo. Sasa wewe na cheti chako unaingia soko hilo hilo na picha gani? Nimeingia kwa ukurasa wako, uliweka linki kwa ule uzi wa mafuta ya nazi, nikaona mishumaa, maua ya waridi, na mgongo wa msichana asiye na nguo mpaka kiunoni. Hiyo picha umeitoa kwa intaneti na wale wa nguzo wanatumia hiyo hiyo. Mama wa miaka hamsini mwenye goti haoni chake hapo. Anayeona chake hapo ni yule ambaye ukimwambia hakuna eksitra anasema asante anaenda. Hao ndio wako wanaopotea.

#6 buru_phase_tano
Shangazi amemaliza. Uzi ufungwe.

#7 kalamu_na_risiti
Usifungwe bado. Jina linamzuia mtu asiingie mara ya kwanza. Hawa wa gumba waliingia, wakalala, wakatoa tipu, kwa hivyo jina walishaliruka. Swali ni kwa nini hawarudi na hapo mimi naona pesa tu. 2,500 kwa nyumba nyingi za South B ni shoping ya wiki. Mtu anakuja kwako amepata bonasi ama bibi yake amemlipia bathidei. Hiyo ni sherehe, na sherehe haifanywi kila mwezi. Piga hesabu: watu 40 wa kuja mara moja kwa mwezi kwa 2,500 ni laki moja. Arobaini tu! Elfu ngapi ya wafuasi wa Instagram unataka ya nini kama wengine wako Kisumu na wengine ni wenzako wa masaji wanachungulia bei?

#8 tarumbeta
Punguza iwe thao moja uone foleni mpaka kwa yule wa smoki.

#9 mikono_ya_zamani
@tarumbeta thao moja? Wewe umewahi kukanda mtu? Laki moja kwa thao moja ni migongo mia moja kwa mwezi, na masaji si chapati useme utaongeza jiko, mikono ni miwili. Ukikanda watu watano wa nguvu kwa siku, jioni kifuniko cha soda hakifunguki. Wengi nilioanza nao kazi hii waliiacha kwa sababu ya kidole gumba na kifundo cha mkono, wateja walikuwepo. Halafu ukishusha bei unaita mtu wa bei, na huyo akisikia Umoja ni mia nane anahamia Umoja.

Mimi sishushi bei, nakata muda. Nusu saa ya mgongo na shingo, 1,400, nguo mtu anavua shati tu, mtu wa ofisi anakuja saa ya lanchi na kurudi. Saa nzima iko palepale kwa anayetaka. Na la pili ambalo sikufundishwa chuo: usimwambie mteja "karibu tena". Karibu tena ni kwaheri. Kabla hajavaa viatu namwambia ile bega la kulia bado limekaza hapa, nimeliacha nisikuumize, Alhamisi ya wiki ijayo kutwa uko wapi, saa saba ama jioni? Wengi wanataja saa wakiwa bado wana mafuta shingoni. Naandika kwa kadi: bega la kulia, anakaa kwa kompyuta, lavenda inamuumiza kichwa. Akirudi simuulizi kitu, naanza na bega. Huyo hata ukihamia Kitengela atakufuata.

#10 buru_phase_tano
"Karibu tena ni kwaheri." Naiba hiyo, kesho iko kwa kinyozi yangu.

#11 nyuki_wa_kilimani
Mnasahau mtu anawapataje. Instagram mtu anapitisha macho akingoja ugali. Mwenye shingo imekataa kugeuka anaingia Google anatafuta masaji iliyo karibu, anaangalia zile za juu kwa ramani, anapiga simu. Sasa ukitafuta South B gumba haonekani kabisa, nimejaribu. Fungua Google My Business, ni bure, weka picha ya mlango WAKO na ngazi ZAKO na kitanda CHAKO, si waridi, weka saa za kufungua, na kila mteja akitoka mwambie ukiandika nyota tano nakutolea mia mbili.

#12 seva_imelala
@nyuki mbili. Moja, hilo jina walilibadilisha 2021, siku hizi ni Google Business Profile, mtu akitafuta la zamani atazunguka. Mbili, kulipa ama kupunguzia mtu bei ndio aandike maoni ni kinyume na sheria za Google, yanaweza kufutwa ubaki bila. Omba tu. Tuma linki jioni hiyo hiyo akiwa bado anajisikia vizuri, kesho ameshasahau.

Na kama unalipia matangazo Facebook, usiandike "Je, unaumwa mgongo?" Meta hawataki tangazo linaloashiria kwamba wanajua hali ya afya ya anayesoma, linakataliwa na unabaki kulia. Andika tu masaji ya mgongo na shingo, nusu saa, South B, bei hii. Bei iandike! Hii tabia ya "DM kwa bei" ndiyo inafukuza watu kuliko lifti ya gumba.

#13 mzee_wa_kibaridi
Tusiache lifti itoke kwa mazungumzo tafadhali.

#14 dere_wa_125
Mimi ni dereva wa matatu za Rongai. Kiuno kilikufa zamani, naendesha kwa imani. Tangu nizaliwe hakuna mtu wa masaji amewahi kuongea na mimi. Mabango yenu yote ni mzungu amelala na mawe meusi mgongoni, mimi najua hiyo si yangu hata sisomi. Na tuko wengi, ingia sacco yoyote uulize nani haumwi kiuno. Lakini sisi tuko huru saa nne asubuhi mpaka saa nane hivi, kukishapungua watu, jioni usitutafute. Ile nusu saa inafika kiuno ama inaishia shingo?

#15 gumba_la_southb
Inafika kiuno kaka. Na hayo masaa ndiyo mimi huwa nimekaa naangalia simu! Naweza kuja stejini niongee na watu?

#16 dere_wa_125
Usije steji, watakuitisha ya chai mpaka urudi nyumbani kwa mguu. Ona katibu wa sacco ofisini. Na usilete mishumaa.

#17 tarumbeta
Makanga naye apewe bei gani, na yeye ananing'inia na mkono mmoja 😂

#18 mwana_wa_majengo
Nasoma nacheka. Nyanya yangu alikuwa mkandaji kule Majengo, Pumwani. Bango hakuwa nalo, simu hakuwa nayo. Mama akijifungua, yeye anaitwa, anakanda kwa maji ya moto na mafuta ya simsim, mtoto naye ananyooshwa viungo, leso inafungwa tumboni, hivyo mpaka arubaini iishe. Mteja wake ilikuwa nyumba nzima. Alianza na mzazi, akaja kwa mama mkwe mwenye magoti, akaja kwa dada anayekaribia kuolewa asingwe, na yule mtoto aliyemnyoosha alipokua akazaa aliitwa tena. Wateja walikuwa wanamrithishana. Mnauliza alifanyaje? Mdomo. Alikuwa haongei. Alichokiona kwa chumba cha mtu hakikutoka na yeye mlangoni, na mtaa kama Majengo kila mtu anajua nani ana mdomo. Sasa nyinyi mteja amelala kifudifudi mnampiga picha mnaweka status na wimbo.

#19 sista_wa_zamu
Nyanya namheshimu sana ila niongeze, maana kuna watu watasoma hapa waanze kutafuta kina mama waliojifungua. Aliyepasuliwa tumbo lake lisiguswe mpaka daktari aseme. Na mama aliyejifungua juzi akikuambia mguu mmoja umevimba, una joto, unauma, USIKANDE huo mguu, mwambie aende hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa na ukiisukuma inaweza kwenda mapafuni. Mwenye homa pia arudi nyumbani. Nimeona mhudumu mmoja akimwambia mtu "leo sikukandi, nenda upimwe", na yule mtu alirudi na dada zake wawili. Hilo tangazo hulipii.

#20 tarumbeta
Basi aandike "physiotherapy" kwa mlango watu wamheshimu, shida ya shangazi ikuwe imeisha.

#21 sista_wa_zamu
@tarumbeta hapana jameni. Hao wana sheria yao ya 2014 na baraza lao, bila kusajiliwa huwezi kujiita hivyo. Masaji ni masaji, aiseme kwa kifua.

#22 mzee_wa_kibaridi
Na ile ya "inatoa sumu mwilini" anaweza kuandika? Kila spa wameandika. Pamoja na ile ya kutoa asidi ya mazoezi kwa misuli, wakimbiaji watajaa.

#23 sista_wa_zamu
Sumu ni kazi ya ini na figo, mafuta ya lavenda hayahusiki. Asidi laktiki nayo mwili unaimaliza wenyewe kwa saa moja ama mbili hivi baada ya mazoezi, yale maumivu ya siku ya pili ni misuli ilipata michubuko midogo. Masaji inapunguza yale maumivu kiasi, inakulaza, inakutuliza. Si hiyo inatosha kuuza?

#24 mbio_za_karura
Inatosha. Sisi tunaokimbia Karura tukisikia "sumu" tunajua huyu hajui miguu. Nairobi Marathon huwa mwisho wa Oktoba, kwa hivyo gumba ukitaka hawa watu anza mwezi wa nane wakati ile mikimbio mirefu ya wikendi imeanza kuuma. Siku yenyewe ya mbio usijisumbue na flaya, watu mikono imejaa maji na ndizi na medali, karatasi yako itaokotwa na mama wa kufagia. Na tafuta mmoja tu kwa kila kikundi, yule anayeongea sana kwa WhatsApp, kila kikundi kiko naye. Mkande huyo vizuri halafu ukae.

#25 kalamu_na_risiti
Turudi kwa picha za @mwana_wa_majengo, hiyo si adabu tu, ni pesa. Kuna klabu hapa Nairobi ilipigwa faini ya milioni nne na nusu na ofisi ya serikali ya kulinda data kwa kuposti picha ya mteja.

#26 seva_imelala
Umekaribia tu. Milioni 4.55 ilikuwa shule, picha za watoto bila wazazi kukubali. Klabu ilikuwa 1.85. Zote Septemba 2023, sheria yenyewe ya kulinda data ni ya 2019. Na ni hiyo hiyo inakukataza kuchukua namba ya mtu aliyekulipa M-Pesa uanze kumtumia ofa kama hajakubali.

#27 kalamu_na_risiti
Sawa, shule. Kwanza mtu akilipa kwa til ya M-Pesa, namba yake ya simu siku hizi inakuja imefichwa katikati, hata ukitaka kuiba huwezi. Muulize mtu usoni, nikutumie ujumbe nafasi zikibaki? Akikubali, aseve namba yako hapo hapo mkiwa wote, kwa sababu ile brodkasti ya WhatsApp haimfikii asiyekusevu. Watu wanatuma ofa miezi na miezi kwa watu ambao haijawahi kuwafikia halafu wanasema uchumi ni mbaya.

#28 duka_la_kona
Uchumi NI mbaya lakini. Hakuna aliyetaja tarehe. Gumba angalia daftari lako, wateja wanakuja tarehe ngapi? Naweka soda hapa, ni kati ya 28 na 5. Tarehe 17 hata ukandwe bure hakuna nauli ya kufika South B. Na Januari funga uende ushago. Hamna uchawi, mshahara ukiingia watu wanaumwa, ukiisha wanapona.

#29 mikono_ya_zamani
@duka_la_kona hiyo ni kweli nusu. Wangu wa kadi wanakuja katikati ya mwezi vizuri tu, kwa sababu siku waliiweka wakiwa na pesa na wengine nawauzia nne kwa pamoja mwisho wa mwezi. Lakini pakeji uiuze kwa aliyekuja mara ya pili ama ya tatu. Wa mara ya kwanza ukimwambia lipa nne anashika kifuko.

#30 duka_la_kona
Si ndio nimesema, pesa ya mwisho wa mwezi.

#31 shangazi_wa_rongai
Nimeacha hapa mkaongea mpaka sacco. Gumba, jana nilipiga ile namba yako, nataka kuleta dada yangu. Ikaita mpaka ikakatika. Saa moja baadaye nikapata ujumbe "hi dia". HI DIA. Hakuna jina, hakuna biashara. Nikarudi kwa ile hoja yangu ya kwanza.

#32 gumba_la_southb
Shangazi nilikuwa nakanda, mikono ina mafuta mpaka kiwiko, na hiyo "dia" ni ya binamu yangu ndiye hunishikia simu.

#33 nyuki_wa_kilimani
Eh! Wadau mmetafuta jibu kwa Google na kwa sacco kumbe ni binamu. WhatsApp Business ina jibu la kujituma lenyewe, andika jina la biashara, jengo, bei, saa zilizobaki wazi leo, sema utapiga ukimaliza kumhudumia mtu. Ndani ya nusu saa upige kweli.

#34 mzee_wa_kibaridi
Binamu ahamishiwe kwa lifti, azuie mlango usijifunge.

#35 mwana_wa_majengo
Binamu ni sehemu tu. Walioingia na kulala hawakuzuiwa na binamu.

#36 kalamu_na_risiti
Wala jina. Nimesema tangu namba 7.

#37 gumba_la_southb
Nimeshukuru. Waridi nimetoa, mlango nimeupiga picha, jioni naweka kwa ramani. Nusu saa itakuwa 1,300. Dere, Jumanne saa tano?

#38 mikono_ya_zamani
Umenishukia mia moja hadharani 😂 sawa tu. Lakini mtu akiweka siku, chukua diposti ya mia tatu kwa til. Bila hiyo Jumanne saa tano utakuwa unaangalia kitanda.

#39 dere_wa_125
Jumanne sawa. Diposti sitoi. Mimi abiria akipanda simwambii alipe kabla hajajua kama nitamfikisha.

#40 buru_phase_tano
Wewe? Si makanga wenu huitisha pesa kabla gari haijatoka Railways?

#41 dere_wa_125
Hiyo ni makanga. Ongea na makanga.

#42 kalamu_na_risiti
Na asipokuja kwa sababu ya jam, hiyo mia tatu inarudishwa ama inaliwa?

#43 mikono_ya_zamani
Akisema mapema inahamia siku nyingine. Akinyamaza inaliwa.

#44 shangazi_wa_rongai
Iliwe na nani, gumba ama binamu?